Nilivyotatua maongezi kumezwa na milio kwenye hom thieta

Jamani hii kitu imenisumbua karibu miezi miwili. Nina spika 5 na sabufa kwenye mashine (amplifaya inayopokea sauti ya TV na kuigawa kwa spika), ila nikiweka muvi watu wakiongea husikii kitu, napandisha sauti, mara bomu hilo linalipuka mtoto anaamka analia. Nikaenda kuweka sikio kwenye spika ya katikati, kimya kabisa, za nyuma nazo hivyohivyo.

Kumbe shida iko kwenye TV! Setingi ya sauti ilikuwa PCM (TV inaifungua sauti yenyewe kabla ya kuituma), na ule waya wa optiko, unaopeleka sauti kwa mwanga kutoka TV hadi kwenye mashine, ukiwa kwenye PCM unapitisha chaneli 2 tu, yaani njia za sauti za kushoto na kulia, sasa hizo spika zingine zitapata wapi sauti? Nikaweka bitistrimu (TV inatuma sauti ilivyo, mashine ndo inaifungua), mashine ikaandika Dolby Digital, mfumo wa sauti wa spika nyingi, pale kwenye kioo chake, na maongezi yakatokea katikati ambako ndo kwenye chaneli yake.

Halafu umbali, watu wengi wanauruka huu. Nilipima kwa futi kamba kutoka ninapokaa: za mbele mita 3, za nyuma mita 1. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja ni milisekunde 3 hivi, kwa hiyo ukijaza umbali kwenye setingi za mashine, mashine inachelewesha za nyuma milisekunde 6 ili zote zifike sikioni pamoja. Ya katikati nikaiongeza desibeli 3.

Kwa miziki ya stirio (chaneli 2) naweka Pro Logic II, setingi ya mashine inayosambaza chaneli 2 kwenye spika zote, upande wa Music, taarabu inajaa chumba, ganuni unaisikia mbele na mwangwi wa ukumbi nyuma yako. Zile za zamani za mono (chaneli moja tu) naziacha zilivyo.