Saa ya kwanza ya blanketi la sufu

"Mama, blanketi linatoa wapi joto?" Mwanangu aliuliza akiwa ameshajifunika mpaka kidevuni. Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi: blanketi halina joto lake, linazuia tu la kwako lisikimbie. Akaridhika, akalala. Mimi nikabaki macho, nikiikumbuka ile asubuhi ya Eldoret na Mzee wa maabara, na namba iliyokataa kutulia.

Kifaa tulichotumia kupima jinsi blanketi linavyozuia joto ni rahisi kukieleza, kigumu kukitunza. Ni bamba la chuma la sentimita 20 kwa 20, chini yake hita, linashikiliwa kwenye nyuzi 35, karibu na joto la ngozi. Pembeni na chini limezungukwa na bamba la kinga, nalo kwenye nyuzi 35 zilezile, ili joto la bamba la kati lisipate pa kutokea ila juu, kupitia kitambaa. Hewa inayopita juu yake huwa nyuzi 20, unyevu asilimia 65, mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Namba zikitulia, wati zinazoliwa na hita ndizo joto linalopenya. Unachukua tofauti ya nyuzi 15, unazidisha kwa eneo la mita za mraba 0.04, unagawa kwa wati, kisha unatoa ukinzani wa hewa uliopimwa bamba likiwa tupu; kinachobaki ni ukinzani wa kitambaa, yaani jinsi kinavyozuia joto lisipite. Huo wa bamba tupu lazima uupime palepale ulipo. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi na inabeba joto kidogo kuliko ya Mombasa, kwa hiyo ukiazima namba ya pwani utakuwa umeharibu hesabu kabla hujaanza.

Tulikuwa na mablanketi mawili, la sufu na la poliesta, yote ya gramu 400 kwa mita ya mraba. Kwa kawaida sampuli hukaa katika hewa ya kipimo saa 12 au zaidi kabla ya kupimwa. Siku hiyo Mzee alitaka vingine. Alizikausha kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito ukaacha kushuka, akazipoza ndani ya chombo kisichopitisha hewa. "Leo tunaweka kavu kabisa, Mwalimu," alisema, bila kueleza zaidi.

Poliesta ilitangulia. Bamba tupu lilikuwa likila karibu wati 9. Lilipofunikwa, namba ikashuka hadi karibu 3 na kukaa hapo. Ndivyo nilivyotarajia.

Sufu ilishuka hadi 3, ikapita. Ikafika 2. Ikaendelea. Ilipokuwa chini ya 1.5 nilikuwa nimeshainama kwenye themista, vile vipima joto vidogo, za kinga, kwa sababu hapo ndipo pa kwanza pa kuangalia: kinga ikizidi bamba kwa hata nusu nyuzi, joto huingia kutoka pembeni, hita hupumzika, na kitambaa huonekana kizuri kuliko kilivyo. Zote mbili zilisoma 35.0. Feni ilikuwa sawa. Kingo za sampuli zilikuwa zimebanwa kwa utepe, hakuna palipoinuka. Mzee hakuwa na haraka. Alichukua waya mwembamba wa kupimia joto, akaupenyeza polepole katikati ya unene wa blanketi, akaniachia nisome. Kwa joto linalopita tu nilitegemea nyuzi 30 au chini kidogo. Ilisoma zaidi ya 33. Katikati ya blanketi palikuwa karibu na joto la bamba lenyewe, ndiyo maana bamba halikuwa na pa kupeleka joto lake.

"Sasa lipime uzito," akasema.

Sampuli ya sentimita 30 kwa 30 ilikuwa imeingia na gramu 36. Ilikuwa imeongezeka karibu gramu 4. Yale ni maji yaliyotoka hewani. Sufu kavu huuvuta mvuke mpaka ndani ya nyuzinyuzi zake. Kwenye nyuzi 20 na unyevu asilimia 65 hubeba takribani asilimia 16 ya uzito wake, pamba 8.5, poliesta 0.4. Juu ya bamba la joto hubeba pungufu kidogo, kwa kuwa upande wa chini ni mkavu zaidi. Kila gramu ya mvuke inayonaswa hivyo huachia kilojuli 2.4 na ziada kidogo. Gramu 4 ni karibu kilojuli 10, ndani ya kitambaa unachoweza kukikunja mkononi.

Tulilirudisha. Wati zikapanda taratibu hadi 3, zikatulia kama za poliesta.

ISO 11092, kiwango cha kimataifa cha kipimo hiki, inataka usubiri utulivu ndipo uandike, nami nakubaliana nayo. Bila hivyo maabara mbili haziwezi kuzungumza. Ila mtu anayejifunika usiku wa baridi yuko ndani ya saa ile ya kwanza. Mwili wake unatoa mvuke, sufu inaunasa na kulipa joto. Deni hilo hudaiwa baadaye, maana unyevu ukitoka huchukua joto lilelile. Blanketi likianikwa mchana, jua ndilo linalolipa. Lisipoanikwa, jioni linakuwa limeshashiba na halina cha kutoa.

Ripoti yetu ilibeba namba moja kwa mablanketi yote mawili: ukinzani wa 0.13, yaani tog 1.3 kwa kizio cha lebo za matandiko. Mzee aliiandika saa ya kwanza kwa penseli katika daftari lake. Mimi naona ilistahili safu yake kwenye jedwali, ingawa sijui ningeiitaje, kwa sababu inabadilika ukibadilisha ukavu wa kuanzia, unene, hata mwendo wa hewa, na lebo ina nafasi ya namba moja tu.