Rimu za Jeep ya nyuma zilikuwa moto, nimepata dawa

Jamani tulioko huku Marekani tunaovuta gari nyuma ya motahomu (gari-nyumba) matairi yote 4 yakiwa chini, hii ni yenu. Kila tukisimama kujaza mafuta, rimu za mbele za Jeep hazishikiki kwa moto na harufu ya breki ndo usiseme. Nikapunguza nguvu ya kile kiboksi kinachokaa ndani ya Jeep na kukanyaga pedeli ya breki yake motahomu ikifunga breki, wapi, nikabadilisha pedi, wapi, nikakaribia kununua mfumo wa breki wa kufungwa kwenye gari jumla, bei yake acha tu. Kumbe ukizima injini ya Jeep, vakyumu (ule mvuto wa hewa) inabaki kwenye busta, kile kifaa kinachofanya breki iwe nyepesi kukanyaga, mi nafunga kiboksi pedeli ikiwa bado laini, basi kinabaki kimeikandamiza kidogo safari nzima. Sasa nazima, nakanyaga mara 5 hivi mpaka pedeli iwe ngumu kama jiwe, ndo nafunga. Juzi nimegusa rimu kwa kiganja, vuguvugu tu.