Baba alipokataa kusamehewa upesi

Wiki hii tumemwoza binti wa Kaka Hamisi, nami nimepokea barua ya uhamisho wa kwenda Dodoma, lakini kinachonirudia moyoni ni maneno machache yaliyosemwa barazani kwetu Tanga baada ya wageni kuondoka.

Baba alimwita Kaka, akamwambia mbele yetu sote: "Ulipotaka kurudia mtihani wa kidato cha nne nilikuambia ada hakuna. Ada ilikuwapo. Nilichelea watu waseme mtoto wa mwalimu mkuu kafeli mara mbili." Kaka, kwa upole wake mnaoujua, akajibu: "Yamepita hayo, Baba." Baba akatikisa kichwa: "Usinisamehe upesi, mwanangu, sijamaliza kusema." Kisha akaeleza jinsi alivyoendelea kumsimanga kwa uvivu, hali akijua nani aliyemfungia mlango.

Nimezoea kuwasikia watu wazima wakijikosoa kwa kusema kwamba hakuna binadamu aliyekamilika, maneno yasiyomgharimu msemaji wala kumfikia aliyeumizwa. Baba alitaja tendo, akataja sababu yake ya aibu, akamtaja aliyeumia, kisha akakataa kufarijiwa na mtu yuleyule aliyemkosea. Yeye ni wa kizazi kilicholelewa na "Tujisahihishe", kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1962, na alikuwa kijana mwaka 1977, Mwalimu alipofanya tathmini ya miaka 10 ya Azimio la Arusha na kukiri waziwazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala iliyojitegemea. Nilidhani mambo hayo kwake yalikuwa somo la siasa tu, la kufundishia darasani. Nimefurahi mno kuona yameingia hadi ndani ya nyumba yetu.

Hata hivyo, tangu jana furaha hiyo imechanganyika na hofu. Baba hujifanyia muhasaba, yaani kuyapima matendo yake mwenyewe, kila usiku kabla ya kulala, lakini kimyakimya. Kwa nini safari hii ameutoa hadharani? Mama anasema sukari ya Baba haijapanda. Nilipompigia simu yeye mwenyewe, aliniuliza habari za uhamisho tu.

Na huo uhamisho nao una mzigo wake: mwanangu Salma yuko darasa la saba, amekwisha kusajiliwa kufanyia mtihani huku, nami natakiwa kuripoti kabla hajaufanya, wala sijapata wa kumwachia.