Dola ya Muhuri: Kinachomsubiri Anayerudi Mosul

Tumerudi Pwani baada ya miaka ya kazi kaskazini mwa Iraki, na kila baraza tunaloketi swali ni lile lile: wale Daesh, yaani ISIS, waliojiita dola, wamekwisha? Ardhi walinyang'anywa. Mji wa Mosul ulitangazwa huru Julai 2017, Raqqa ya Syria ikafuata Oktoba, na kipande cha mwisho, Baghuz, huko huko Syria, kikaanguka Machi 2019. Lakini mwenye kujua kilichobaki ni mtu wa Mosul anayerudi kwake. Huyo atakutajia vitu viwili, ukuta na faili.

Ukuta kwanza. Msikiti Mkuu wa al-Nuri ndiko kiongozi wao, Abu Bakr al-Baghdadi, alikopanda mimbari Julai 2014, siku chache baada ya kundi lake kujitangaza ukhalifa. Juni 2017, jeshi lilipowakaribia, wakaulipua wenyewe, pamoja na mnara wake ulioinama, al-Hadba. UNESCO ikaja kujenga upya, na mwaka 2024 mafundi wakakuta mabomu makubwa matano yamefichwa ndani ya ukuta wa kusini wa ukumbi wa sala. Miaka saba yalikuwa mumo humo. Huo ni msikiti wenye wahandisi, walinzi na fedha za wafadhili. Sasa fikiria nyumba ya vyumba vitatu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mwenyewe anarudi na ufagio na wanawe.

Anayerudi hutakiwa asome kuta kabla ya kugusa kitasa. Neno la Kiarabu lenye maana ya "salama" lililopakwa rangi ukutani liliandikwa na askari aliyepita kwa haraka vita vikiendelea. Lilimhusu yeye na siku ile. Lisichukuliwe kama cheti. Alama za kutegemewa ni za wateguaji wa mabomu: mawe au vigingi vyekundu upande wa hatari, vyeupe upande uliokwisha kusafishwa. Pasipo na alama yoyote, pachukuliwe kuwa hapajaguswa.

Kuingia tu hakutoshi kukuonyesha hatari. Mitego ilitegwa kwa kufuata mazoea ya mwenye nyumba: anachofungua, anachowasha, anachonyanyua. Mlango wa friji, swichi ya taa, godoro, mfuniko wa tangi la maji, kichezeo cha mtoto kilichoachwa mahali pa wazi mno. Ndiyo maana siku ya usafi huogopwa kuliko siku ya kufika. Wapo waliofunga kamba kwenye ndoano na kuvuta vitu kutoka mbali, wakidhani umbali unatosha. Hautoshi, kwa sababu kinacholipuka huenda kisiwe kile ulichokivuta. Na miaka haikupunguza hatari kwa namna ya kutegemewa. Betri nyingine zimekufa, nyaya nyingine zimeoza na kuwa nyepesi zaidi kushtuka, mvua zikahamisha vilivyozikwa juujuu kutoka pale vilipotegwa.

Upande wa magharibi wa mto Tigris kuna shida juu ya shida. Vita vilipokwisha, Umoja wa Mataifa ulikadiria kifusi cha Mosul kuwa takriban tani milioni 8, na ndani yake vilikuwa vimechanganyika vilipuzi vya Daesh, mikanda ya kujilipua iliyobaki viunoni mwa maiti, na mabomu ya ndege yasiyolipuka, mengine ya kilo 227. Kifusi cha namna hiyo hakichotwi kwa koleo. Huinuliwa kwa mashine zenye kinga ya chuma, humwagwa mahali pa wazi, husambazwa na kupekuliwa. Mwenye nyumba anayelipa vibarua wamchotee usiku ili amalize mapema huwa anahamishia hatari yake kwenye lori la mtu mwingine.

Na kuna hasara nyingine ya kuharakia kifusi, isiyo na mlipuko. Iraki ina Sheria Namba 20 ya mwaka 2009 ya kuwafidia walioathiriwa na vita, makosa ya kijeshi na ugaidi, iliyorekebishwa 2015 na tena 2020. Inagusa kifo, jeraha, aliyepotea na mali. Kamati ya fidia hutaka kujua kilichoharibika na thamani yake. Ukiondoa kifusi chote kabla hakijapigwa picha na kukaguliwa, umeondoa shahidi wako mkuu. Piga picha kutoka pembe zote, nyumba za jirani zionekane ili mahali patambulike, uziweke pamoja na hati ya nyumba. Kisha subiri, na hapo hatuna la kumpamba mtu: faili hutoka kamati ya mkoa hadi Baghdad, na watu husubiri kwa miaka.

Tukija kwenye faili ndipo utakapoona kwa nini tunasema dola ya muhuri. Walikuwa na idara, wakiziita diwani: ya zaka, ya hisba (polisi wa maadili), ya elimu, ya afya, ya huduma, ya mali zisizohamishika. Walitoza ada ya usafi wa mitaa. Walihesabu mavuno ya ngano na shayiri wakakata zaka. Walifungisha ndoa, wakaandika waliozaliwa, na kila karatasi ikawa na nembo yao. Julai 2014 nyumba za Wakristo wa Mosul zilipakwa herufi nun ya Kiarabu, kwa Nasrani, zikaandikwa kuwa ni mali ya dola yao. Wenyewe walipewa kusilimu, kulipa jizya (kodi ya wasio Waislamu), kuondoka au upanga, na karibu wote wakaondoka. Nyumba hizo wakapangishwa au wakapewa wengine, kwa karatasi tena.

Serikali ya Iraki haizitambui karatasi hizo. Aliyefunga ndoa Mosul mwaka 2015 mbele ya kadhi wa Daesh, kwa daftari la serikali bado hajaoa. Mtoto wake hana cheti, maana cheti cha kuzaliwa hudai cha ndoa. Jeshi lilipokaribia wengi walichoma karatasi zao kwa hofu, kwani kukutwa kizuizini na nembo ile mfukoni ilikuwa balaa. Njia ni kurudi mahakama ya mambo ya ndoa na familia, mume na mke wote wawili, na mashahidi wawili, hakimu athibitishe ndoa kwa tarehe yake ya kweli. Ndipo mtoto aandikwe. Kwa waliokuwa hai wote ni usumbufu wa siku na nauli. Kwa mjane ni mlima. Kabla ya lolote lazima mume aliyepotea athibitishwe kufa, na pasipo ushahidi mzito sheria ya Iraki hudai ipite miaka 4, au 2 ikiwa alipotea katika hali ya kuhofiwa kifo.

Mbele ya milango hii yote kuna kizuizi kimoja: kibali cha usalama. Mukhtar wa mtaa, ambaye kwa kwetu ungemlinganisha na balozi wa nyumba kumi, huthibitisha kuwa anakujua. Kisha jina lako hulinganishwa na orodha za wanaosakwa. Iraki ina akina Muhammad Ahmad wengi kuliko unavyodhani, na watu wamekamatwa au kukwama kwa sababu ya kufanana majina. Jina la babu na la mama ndiyo kinga, basi yaandikwe kwa herufi zile zile kila mahali. Kosa la herufi moja linaweza kuwa kisa cha miezi.

Anayetoka familia yenye mtu aliyejiunga na Daesh hudaiwa zaidi: tabria, yaani kufika mbele ya hakimu na kumkana, kwa maana ya kumfungulia mashtaka ndugu huyo. Mke dhidi ya mume, mama dhidi ya mwanawe. Wapo wanaolifanya kama taratibu za ofisi tu. Wapo wasioweza kulitamka, na hao hukaa bila karatasi. Hata anayekubali, hakimu anaweza kumsafisha na jirani asimsafishe. Kuna vijiji ambavyo kabila limekataa familia fulani zirudi, na hakuna muhuri wa Baghdad unaolibadilisha hilo. Wairaki waliotolewa kambi ya al-Hol, Syria, walikowekwa jamaa za Daesh, kuanzia Mei 2021 walipitishwa kwanza kambi ya Jad'a karibu na Qayyara, kusini mwa Mosul, na ugumu wao ulianzia hapo walipotakiwa kutoka.

Watu wa Msumbiji wanaorudi Mocímboa da Praia na Palma, wengine wao wakisema Kiswahili au Kimwani, wana shida inayofanana na hii kwa nusu. Kundi la kule lilijiunga na jina lile lile, lakini lilichoma zaidi ya lilivyoandika. Wengi walikimbia bila kitambulisho, na wanarudi wakitafuta karatasi ya kwanza. Mtu wa Mosul anarudi akiwa nayo nyingine ya kuikana.

Mtoto asiye na cheti Iraki anaweza kubahatika kuketi darasani kwa hisani ya mwalimu mkuu, akasikiliza na kuandika kama wenzake. Darasa la sita kuna mtihani wa serikali, na hapo hisani hukoma, jina lazima liwe kwenye daftari. Waliozaliwa Mosul mwaka 2015 ndio hao wanaokaribia darasa la sita.