Siku Bibi Alipofia kwenye Kompyuta

Juzi pale Uyole mkokoteni wa maksai ulituzibia njia, daladala ikabaki kupiga honi. Binti yangu akachungulia dirishani: "Baba, mkokoteni kama ule aliofia Bibi." Mama wa kiti cha nyuma akanigusa bega, "Poleni jamani." Nimweleze nini? Bibi mzima, yuko Rungwe na chai yake.

Ilikuwa Juni, Mbeya ya masweta mawili, shule zimefungwa. Lile dude langu la DOS, kompyuta ya kizamani, mnalijua, lenye kioo cha mgongo mrefu, ambalo kila fundi ananishauri nilipeleke kwenye vyuma chakavu. Nikawawashia watoto mchezo wa The Oregon Trail. Mkubwa akaanza kukigusa kioo kwa kidole kama simu. Kikamrusha shoti kidogo, akakiheshimu.

Mchezo huo umenizidi umri. Walimu watatu waliokuwa mafunzoni Minnesota, Marekani, waliutunga mwaka 1971 kwa somo la historia, enzi ambazo kompyuta ilikujibu kwa kuchapa karatasini. Wangu ni wa 1990, una picha. Ndani ya mchezo mwaka ni 1848, unatoka Missouri na maksai, chakula na risasi, uende Oregon, kama kilomita 3,200. Kwanza unaandika majina ya wasafiri watano. Mdogo aliisaka herufi B kwenye kibodi mpaka chai yake ikapoa. BIBI.

Hawajafika mbali, maandishi yakatokea. Nikawatafsiria. Mdogo akakimbilia jikoni, Bibi anamenya viazi.

"Bibi, umekufa."

"Gwe! Nimekufa na nini?"

"Kuhara damu."

"Na wenzangu?"

"Wanaendelea na safari."

Bibi akaweka kisu chini, akaja sebuleni na mikono yake ya maji, akakisogelea kioo. Maksai wanakanyaga, mkokoteni unakwenda.

"Wanaendeleaje? Nani kanizika?"

Nikamwambia mchezo hauna maziko ya hivyo, ila mnaweza kusimama kupumzika. "Basi wasimame. Msiba hauondokwi siku hiyohiyo." Kompyuta ikauliza siku ngapi. Bibi akasema tatu. Mkubwa akabonyeza 3, sote wanne tukakodolea macho tarehe zikisogea na chakula kikipungua.

"Mbona kinaisha?" mkubwa akauliza.

"Msiba unakula," Bibi akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Oregon hawakufika. Kila aliyekufa aliwekewa matanga, siku tatu kamili, theluji ikawakuta milimani ghala tupu. Nadhani walioutunga walitaka mtoto ajifunze kupanga akiba na mwendo. Nilitaka kuwaambia wangu kwamba wamekosea hesabu, lakini Bibi alikuwa anasikia.

Kesho yake mdogo akataka turudie, msafiri wa kwanza awe mimi. Nikasema umeme mdogo. Umeme ulikuwepo wa kutosha, na mimi mambo hayo siyaamini kabisa.