Belo la Mashati Meupe

Mama mdogo aliuza mitumba pale soko la SIDO, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 alipoteza mzigo wote, akaanza upya kwa mkopo wa kikundi cha akina mama. Ndiyo maana Januari ile, tulipokata belo la mashati meupe tukakuta karibu nusu yana kutu, nilishindwa kumtazama usoni. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na mashati ya shule ndiyo tuliyoyategemea kwa marejesho.

Belo lililowa njiani. Mikanda ya chuma iliyolifunga ikashika kutu, kutu ikapenya tabaka kwa tabaka na kuchora mistari ya kahawia migongoni na vifuani. Aliyetuuzia alitupa jibu tulilolijua: belo likishafunguliwa halirudi. Jirani wa meza ya pili akashauri tuyapige mnada, watu wakafanyie madekio. Mwingine, kwa nia njema kabisa, alichukua shati moja akalimwagia dawa ya klorini. Shati liling'aa, lakini ule mstari ukazidi kukolea.

"Acha, baba, utaniulia nguo," mama mdogo akamwambia. "Kutu ni chuma hicho. Dawa yake ndimu."

Akaenda kununua ndoo ndogo ya ndimu za Kyela na pakiti za chumvi. Kwa kawaida unapaka ndimu na chumvi kwenye doa, unaanika, jua linamalizia kazi. Ila jua la Mbeya mwezi wa kwanza ni la kuvizia. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi na mlima Loleza hata hatukuuona. Basi tukatumia mvuke. Jioni, nyumbani, aliinjika sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa. Mimi nilitandaza shati juu ya mdomo wa sufuria, yeye akakamulia ndimu pale penye doa na kunyunyiza chumvi. Kahawia ikageuka njano, njano ikafifia kuanzia ukingoni, mpaka weupe wa kitambaa ukajitokeza. Nilipiga kelele kwa furaha. Yeye alikuwa ameshachukua shati lingine.

Lililokubali alilisuuza papo hapo kwa maji mengi, kwa sababu ile asidi ikikaukia kwenye pamba inadhoofisha nyuzi. Tulikesha. Vidole viliniwasha kwa ndimu na moto wa mvuke, lakini usingizi haukunijia kabisa. Nilitaka kuona kila doa linavyokwisha. Huniuma hadi leo nikiona shati zima, lenye kola imara na vifungo vyote, linatupwa jalalani kwa ajili ya doa ambalo hakuna aliyejisumbua kuuliza limetokana na nini.

Si yote yaliyokubali. Pale mkanda ulipokaa sana kitambaa kilikuwa kimeliwa, ukivuta kinachanika. Hayo tulimpelekea fundi cherehani: yenye doa kifuani kushoto akayashonea mfuko juu yake, yaliyoharibika mikono akayakata mikono mifupi, na yaliyobaki akayapunguza yakawa ya chekechea.

Siku ya kuuza alikuja mama mmoja wa Iyunga na watoto wake watatu.

"Shikamoo dada. Mashati haya vipi?"

"Marahaba mdogo wangu. Ngoja nikuonyeshe kwanza," mama mdogo akajibu, akamfunulia shati na kumwonyesha kivuli cha njano kilichobaki karibu na kwapa. Akamtajia bei ya chini kuliko ya yale mazima. Hakuwahi kumficha mteja doa, na hilo nililipenda kuliko hata ufundi wake wa ndimu.

Yule mama alilinyanyua shati kwenye mwanga, akalivuta kwa mikono miwili, akapekua mishono ya ndani, akarudi kwenye kola.

"Nipe matatu. Kwapa nani atalichungulia? Ndaga fijo, dada," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Marejesho ya mwezi ule tulipeleka kikundini kwa wakati, na wiki iliyofuata yule jirani wa madekio alikuja na sweta lake jeupe kuuliza kama ndimu inafaa kwa sufu.