Kalenda ya ofisi yetu, mikononi mwetu

Kwa ofisi ndogo ya safari hapa Mji Mkongwe, kalenda ndiyo daftari la biashara: humo mna majina ya wageni, zamu za manahodha na saa za boti kuondoka. Ndiyo maana sikuridhika daftari hilo likae mahali ambapo bei, masharti na hata ruhusa ya kulifungua vinaamuliwa na mtu mwengine, nikaanza kutafuta programu huria za kupangia ratiba, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadili.

Kwa maoni yangu, la kwanza kuangaliwa si uzuri wa skrini, bali ni kama programu inafuata CalDAV, utaratibu wa wazi uliochapishwa mwaka 2007 ambao huziwezesha kalenda za watengenezaji mbalimbali kusomana. Programu inayoufuata unaweza kuihama wakati wowote na miadi yako yote. Nextcloud, iliyoanzishwa mwaka 2016, inaufuata, na juu ya kalenda ina hifadhi ya mafaili. Inafaa sana penye wafanyakazi wengi, lakini inataka mtu wa kuiangalia. Sisi tulichukua Radicale, programu ya kuhifadhi kalenda kwenye seva, ambayo ni nyepesi na huhifadhi kila tukio kama faili dogo la maandishi, hivyo kuweka nakala ya akiba ni kunakili folda tu. Kwenye kompyuta tunaifungua kalenda kwa Thunderbird, programu ya barua pepe na kalenda. Simu za Android tumeziunganisha kwa DAVx5, programu inayoleta kalenda ya seva kwenye simu, na kwa kuwa ratiba hubaki ndani ya simu yenyewe, nahodha aliye baharini pasipo mtandao bado anaiona safari yake inayofuata.

Safari ya Nakupenda ndiyo iliyotufundisha mengi. Fungu lile la mchanga huonekana maji yakipwa na hufunikwa yakijaa, na kwa kuwa saa za maji husogea kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku, safari hiyo haiwezi kuwekwa kama tukio la kujirudia saa ile ile. Tumeifungulia kalenda yake peke yake, ambamo saa za kupwa huandikwa kutoka kwenye jedwali la maji kabla ya kupokewa mgeni yeyote. Kalenda ya boti ni nyengine, na zote mbili huonekana pamoja kwa rangi tofauti.

Kuna pia suala la saa za wageni. Italia husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, nasi hatusogezi, kwa hiyo tofauti yetu hupungua kutoka saa mbili hadi moja. Kila tukio letu limefungwa kwenye Africa/Dar_es_Salaam, jina la majira yetu katika kompyuta, na safari ya saa tatu asubuhi huandikwa 09:00, ili mgeni na nahodha wasome wakati mmoja.

Kwa wageni wanaopenda kujipangia wenyewe tumeweka Easy!Appointments, inayotumia lugha ya programu ya PHP na hifadhidata ya MySQL, vitu vinavyopatikana kwa wapangishaji wengi wa tovuti. Tumeiachia ziara za mashamba ya viungo tu. Za baharini bado anazithibitisha mtu, baada ya kuzungumza na nahodha.